Ketoni Pembeni ya Swichi

Mke wa mchora mabango alifeli kemia mara ya tatu. Alipungukiwa alama mbili.

"Choma haya madaftari!" Aliyabwaga miguuni kwa mumewe. "Kichwa changu gunia bovu, kila ninachotia kinavuja."

"Mama Pacha, tulia kwanza."

"Nitulie nini? Chuo cha maabara kilinishikia nafasi mpaka leo. Kesho anapewa mwingine!"

Simu ikalia. Meseji ya mwalimu wake wa masomo ya jioni. Akaisoma kwa sauti:

"Umeponzwa na majina ya kemikali. Kila mahali umeipa alkoholi cheo juu ya ketoni. Zikiwa pamoja, ketoni ndiyo inayomalizia jina, alkoholi inatangulia mwanzoni kwa jina la hidroksi. Nani alikufundisha hivyo?"

"Nani alinifundisha?" Akageukia ukuta wa chumbani. Mumewe alikuwa amemwandikia orodha yote ya makundi ya kemikali kwa rangi nyekundu, asidi juu kabisa, amini chini, aione kila anapofumbua macho. "Si ule pale! Nimeukariri kuliko majina ya wanangu. Basi hata kukariri siwezi."

Mchora mabango akatazama ukuta. Angeweza kunyamaza tu, maana mke alikuwa ameshajihukumu mwenyewe.

"Hujakosea wewe. Ni swichi."

"Swichi gani?"

"Ya taa. Neno alkoholi halikuenea pale pembeni yake. Ketoni fupi, ikaingia. Basi nikazibadilisha."

"Ukazibadilisha?"

"Bango lazima likae sawa, mke wangu. Mimi ningejuaje huo ni mpangilio wa vyeo? Nilijua ni orodha tu, kama ya bei za saluni."

"Miezi yote najiita mjinga, kumbe wewe unapanga herufi!"

Kandambili ikampata begani. Hakuikwepa.

"Nilitaka lipendeze. Lilikuwa lako."

Mama Pacha akakaa kitandani, akalia, kisha akafuta pua kwa kanga.

"Ketoni na alkoholi wakikaa nyumba moja, nani mkubwa?"

"Ketoni."

"Rudia."

"Ketoni, mama. Ketoni!"

"Lete brashi. Safari hii nakusimamia na daftari mkononi. Neno lisipoenea, hamisha swichi."

Alama mbili. Nafasi moja ya chuo. Mwaka mzima wa kungoja mtihani mwingine. Nusu kopo la rangi nyeupe, na siku nne za mchora mabango kulala kwenye kochi.