Mabanzi Chini ya Sakafu

Baada ya mavuno, kila asubuhi Lidia huanika maharage kwenye turubai mbele ya nyumba yake, hapa Mishamo. Akina mama wa jirani huleta na ya kwao. Yeye ndiye anayewatunzia mbegu mpaka wakati wa kupanda. Mbegu hizo hukaa kwenye gereji. Mumewe, Anicet, aliijenga kwa ajili ya gari. Gari lenyewe mpaka leo hatujaliona.

Mwaka uliopita maji ya mvua yaliingia gereji. Magunia yalikuwa chini, yakalowa. Mbegu zikaota ukungu. Jirani yake Séverine hakumung'unya maneno.

"Lidia, mbegu zikioza tena, kila mtu atakaa na za kwake."

Lidia aliumia. Kikundi hiki cha kutunza mbegu alikianzisha yeye. Kikivunjika, lawama ni zake.

Ndipo Anicet akaamua kujenga sakafu ya mbao, iliyoinuka juu ya saruji. Wazo zuri! Lakini sikilizeni alichofanya. Mbao za kukanyaga alinunua nzuri, zimepigwa randa mpaka zinang'aa. Mlango akaweka wa mninga. Kwa chini, mahali pa kubeba uzito wote, akaweka mabanzi aliyookota kwenye mashine ya kupasulia magogo. Mabanzi ni yale maganda ya pembeni ya gogo. Bado yalikuwa na magome!

"Baba Aristide, haya ndiyo yatabeba magunia?" Lidia aliuliza.

"Ya chini nani atayaona?" Anicet alijibu akicheka.

Jamani! Ugonjwa huu tunao wengi, na mimi unanikera sana. Panapoonekana tunapamba. Panapobeba mzigo tunaweka takataka.

Siku ya kupanga magunia ikafika. Mama yake Anicet, Bibi Épiphanie, aliingia kuangalia kazi ya mwanawe. Mara sakafu ikalia, ikavunjika. Mguu wa bibi ukazama mpaka gotini.

"Mana yanje! Mungu wangu, nakufa!"

Walimtoa haraka. Mfupa ulikuwa mzima, lakini ngozi ilichubuka na damu ikamtoka. Séverine alibeba gunia lake kichwani akaondoka. Wenzake wakamfuata.

Lidia akawaka. "Mlango wa mninga! Mlango unabeba nini? Wapita njia umewapambia, mama yako mzazi umemtegea shimo!"



Kesho yake Lidia alimpigia simu Ernestine, mwanakwaya mwenzake wa zamani. Siku hizi Ernestine anafundisha useremala Mpanda mjini. Alipofika alichungulia chini ya sakafu, akatoka amekasirika.

"Shemeji, hii ni sakafu au mtego wa panya?"

"Mbao ni mbao tu," Anicet alijitetea.

"Nani kakwambia? Banzi ni sehemu ya nje ya mti. Wadudu wanaipenda. Tena haya ni mabichi. Yakikauka yanapinda, misumari inalegea. Na hapa palipokatika, ona kifundo hiki kilivyo kikubwa."

"Sasa ninunue zipi?"

"Za inchi mbili kwa sita, kavu. Inua ncha moja, fumba jicho, tazama mpaka mwisho. Imepinda? Iache. Ina ufa mrefu au kifundo kikubwa? Iache. Ukiona ni nzito kuliko za saizi yake, na ukiishika ni ya baridi, bado ina maji."

Safari hii Anicet alichagua vizuri. Lakini akaanza kuzilaza chali, upande mpana chini. Ernestine akamnyang'anya nyundo.

"Mungu wangu! Njoo hapa."

Aliweka mbao moja juu ya matofali mawili, imelala. Anicet akapanda. Mbao ikabonyea. Ernestine na Lidia wakaisimamisha kwa ubavu, wakaishika huku na huku. Anicet akapanda tena. Haikubonyea.

"Kumbe!" Anicet alisema. "Ni mbao ileile!"

"Ileile. Mbao ya kubeba husimama. Hailali."

Wakapaka dawa ya mchwa, wakaiacha ikauke kabisa. Kila baada ya mita moja waliweka tofali la saruji chini ya mbao. Kati ya tofali na mbao waliweka kipande cha nailoni ili unyevu usipande. Mbao na mbao ziliachana sentimita arobaini. Juu wakarudishia zile mbao za kukanyaga, wakaacha upenyo wa hewa pembeni.

Akina mama waliitwa. Séverine alisimama nje, mikono kiunoni.

"Anicet, ingia wewe kwanza. Ruka!"

Akaruka. Séverine akaingia naye akaruka, kisha wengine. Sakafu ilikuwa kimya. Bibi Épiphanie ndiye aliyegoma.

"Nyie mnaruka juu. Mimi nataka kuona chini."

Anicet akang'oa ubao mmoja. Bibi akainama na tochi, akaangalia mbao moja baada ya nyingine. Hakuharakishwa. "Leteni magunia," akasema.

Mvua zilinyesha sana msimu ule. Maji yaliingia gereji kama kawaida, yakapita chini ya sakafu, yakatoka. Siku ya kugawa mbegu, Séverine alifungua gunia lake, akazamisha mkono mpaka chini kabisa, ambako ukungu huanzia. Akautoa umejaa maharage makavu.

"Ni nzima," akasema. "Zote ni nzima."

Lidia hakuwa na usingizi mzuri tangu mvua zianze. Alikaa juu ya gunia, akalia mbele yao wote, wala hakuona haya.