Nimekuweka Kwenye Kolamu

Ilikuwa siku ya mnada, duka la vifaa vya ujenzi pale Majengo limejaa watu mpaka barazani. Sauda, binti wa mwenye duka, alikuwa anapima misumari, amevaa dera la kijani na ushungi mweupe, na ulimi wake haujui kulala. Akapenya kijana mrefu, vumbi la saruji mpaka kwenye kope, akaomba nondo za kolamu. Sauda akamwuliza kama hajakosea duka, maana kolamu anayoijua yeye ni ya daftari, ile mwalimu anayoichora kwa rula.

"Ya daftari haibebi nyumba, dada," kijana akasema. "Hii ni nguzo."

"Basi si useme nguzo."

"Nikisema nguzo utaniletea ya umeme."

Jamani, mapenzi hayachagui pa kuanzia. Kijana aliitwa Mwandu, Msukuma wa Litapunga, aliyekimbia ng'ombe wa baba yake akashika mwiko wa fundi. Alikuwa anajenga ghorofa la tajiri mmoja mtaa wa pili. Tangu siku hiyo ghorofa lile likawa halikosi shida: leo misumari imeisha, kesho waya wa kufungia, na kila shida ilitaka Mwandu aje mwenyewe. Jioni zikawa za simu. Akimwita "nguzo yangu", Sauda anauliza ya umeme au ya nyumba, wanacheka mpaka salio linaisha.

Sasa mdomo ukamponza Mwandu. Jioni moja Sauda alikuwa anachambua mchele na shangazi yake, simu ikaita, akaiweka kwa sauti kubwa ili mikono ifanye kazi.

"Mpenzi, leo nimekuweka kwenye kolamu ya kati."

"Kolamu ya wangapi hiyo? Na mimi ni wa ngapi?"

"Uko peke yako. Tumefungua mbao zege bado bichi, nikaandika jina lako kwa msumari."

Shangazi akaacha ungo. Akamwambia Sauda akate simu. Nani hapa mjini hajayasikia maneno yale, kwamba ghorofa haliinuki bila kafara, na mwenye jina kwenye nguzo ndiye anayelibeba? Mimi siyaamini. Lakini jina langu asiliandike mtu.

Wiki hiyohiyo Enoka, fundi mwenzake Mwandu, akaanguka kutoka juu ya ghorofa akavunjika nyonga. Kisha Sauda akashikwa na homa, na vipimo vya hospitali visionyeshe kitu. Kila kukicha shangazi anamwangalia macho ya chini na kunong'ona kwamba mtoto anachukuliwa hivihivi. Mwandu akipiga, simu haipokelewi. Akija dukani anahudumiwa na baba mtu, bila hata salamu, na kosa lake hakulijua. Sauda naye alilala anausikiliza moyo wake kama bado unadunda. Alikuwa anampenda vilevile, na hilo ndilo lililomtesa: aliyempenda ndiye aliyemuuza.

Mchana mmoja akajifunga khanga, akatoka akijikongoja mpaka kwenye ghorofa. Chini mle kulikuwa na giza na baridi. Miti iliyokuwa inashikilia zege la juu ilishaondolewa. Tajiri alikuwa ameihamishia kwenye jengo lake jingine kabla zege halijakomaa, mafundi wakanung'unika, wakanyamaza. Juu mafundi walikuwa wanaendelea kupandisha tofali; Mwandu alikuwa chini, karibu na kolamu ya kati.

"Nifute," Sauda akamwambia Mwandu. "Kama ulinipenda hata siku moja, nifute hapo. Nimekukosea nini mpaka ukanitoa kafara?"

Mwandu alichelewa kuelewa. Alipoelewa, hakucheka wala hakujitetea. Alimshika mkono, akamzungusha upande wa pili wa nguzo, na huko lilikuwepo jina lake yeye, limeandikwa kwa msumari uleule.

"Hayo ya kafara sikuyajua. Nilitaka tukae pamoja, basi. Ila kama nyumba hii inachukua mtu, na mimi nimo." "Sauda, nikimleta baba yangu na ng'ombe wake kwenu, utanikubali?"

Machozi yakamtoka Sauda. Alirudi upande wake wa nguzo, akapitisha kidole juu ya jina lake, herufi kwa herufi. Chini ya herufi kidole kikakuta mstari.

"Na huu mstari, fundi, uliuchora wewe?"

Mwandu akainama kuutazama. Hakuuchora. Ulipita chini ya jina la Sauda, ukazunguka nguzo, ukaenda kupita chini ya lake, na vumbi jembamba lilikuwa linamwagika kutoka ndani yake. Alimvuta Sauda mpaka barabarani, akawaita wa juu mmoja mmoja kwa majina, waache tofali, waache ndoo, washuke. Tajiri alipopigiwa simu alitukana. Wakashuka hivyohivyo, wote.

Walisimama ng'ambo ya barabara, bodaboda zinapita kama siku nyingine yoyote. Sauda akaushika mkono wa Mwandu uliojaa saruji.

"Nimekubali," akasema. "Lakini unijengee nyumba isiyo na ghorofa. Na jina langu uliite kwa mdomo tu."

Akaliita. Kabla hajalimaliza, ghorofa likalia kutoka chini, mlio mmoja mkavu, na njiwa waliokuwa wametua juu yake wakaruka wote.