Muuguzi Aliyenuka Maziwa

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipotoka uani kuanua nepi. Alikuwa mzazi wa siku kumi na tisa. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amekwama mpakani tangu gonjwa la mlipuko lilipofunga njia. Majirani walimsalimia kwa mbali, kwa kupunga mkono, kama watu wanaoagana. Usingizi nao ulikuwa umemhama. Siku ya tatu hiyo hajafumba jicho.

Alipogeuka na nepi mkononi, akamkuta mwanamke mlangoni. Gauni jeupe. Barakoa.

Alisema ametumwa na kliniki kuwapitia wazazi majumbani. Fundi nusura alie kwa furaha, kwani wiki nzima hakuwa ameongea na mtu uso kwa uso. Akamkaribisha chumbani, akatia komeo, akamwekea kiti kando ya kitanda alicholala mtoto.

Ndipo harufu ikaja.

Maziwa yaliyochacha... na chini yake kitu kama panya aliyefia darini. Ilimwingia puani, ikamkaa kooni. Barakoa ya mgeni ilikuwa imelowa. Ilivutwa ndani, ikaachiwa. Ikavutwa, ikaachiwa. Kama mdomo unaonyonya.

Tup. Tone zito likadondoka toka kwenye barakoa, likaanguka gotini pa mgeni.

Tup.

"Huyu si wako," mgeni akanong'ona.

Fundi akamtazama mwanawe. Laiti asingemtazama. Ngozi ilikuwa telezi kama ini bichi, na vidole vilijikunja kama funza. Mtoto aliyembeba miezi tisa akamtia kinyaa.

"Beseni la kumwogeshea lina maji. Mrudishe alikotoka."

Mgeni akashusha barakoa. Hakuwa na meno. Fizi tupu, nyekundu, na mabonge ya maziwa ya kijani yakitambaa juu ya ulimi.

Yakitambaa...

Mikono ya fundi ilikuwa imeshamwinua mtoto.

Hajui alipata wapi nguvu ya kumrudisha kitandani na kushika simu. Alimpigia wifi yake, msusi wa mtaa wa pili.

"Wifi, naiogopa mikono yangu."

Wifi hakumhoji. Alimwambia aketi sakafuni mbali na mtoto, aikalie mikono, asikate simu. Naye akatoka mbio, licha ya amri ya kutotoka nje usiku. Fundi alipoinua uso, kiti kilikuwa kitupu, na wifi alikuwa amesimama mbele yake.

Hospitalini, alikopelekwa na wifi usiku uleule, daktari alisema ni ugonjwa unaowapata baadhi ya wazazi, na kule kujifungia peke yao kumewaumiza wengi. Si laana, wala si aibu. Alipewa dawa, akalala usingizi wa kweli, wifi akamlelea mtoto. Miezi ikapita. Akaweza kumpakata mwanawe, kumnusa utosini na kutabasamu. Akaamini yamekwisha.

Siku moja, akiwa anasukwa na wifi, akakumbuka kuuliza. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Wifi aliingiaje?

Vidole vya msusi vikasimama katikati ya msuko.

"Alinifungulia muuguzi," akasema kwa sauti ya chini. "Akanipisha. Akaniambia nisihangaike, mtoto ameshanyonya."

Fundi hakugeuka.

"Nilimfuta mtoto mdomo kwa kitambaa. Kile kitambaa nilikichoma, wifi yangu. Usiniulize kilikuwa na nini."