Dakika Kumi na Mbili za Steki

Mshonaji na mumewe wanakaa ghorofa ya pili, vyumba viwili na jiko. Cherehani iko dirishani, penye mwanga. Mume ni fundi kufuli. Kibanda chake kiko mtaa wa tatu kutoka nyumbani, na kila asubuhi hunywa chai, hubeba mkoba wa vifaa, hushuka ngazi.

Siku moja alishikwa na maumivu ya kifua hapo hapo ngazini. Mkoba ukamponyoka. Mkewe alisikia funguo na tupa zikiporomoka mpaka chini, akatoka mbio na uzi mdomoni. Mume alilazwa siku sita. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwaketisha wote wawili.

"Mzee, presha iko juu, na mafuta yamezidi kwenye damu. Vyakula vya kuzamishwa kwenye mafuta, basi. Chumvi iwe kidogo. Na dawa usiruke hata siku moja."

"Na nyama je, daktari?"

"Nyama si marufuku. Kula isiyo na mafuta, kipande cha ukubwa wa kiganja, mara moja au mbili kwa wiki. Ila isikaangwe kama ulivyozoea."

"Hapo ndipo umeniua kabisa," alisema fundi. Daktari hakucheka.

Binti yao mkubwa akawaletea kikaangio cha hewa, ile mashine ambayo wengi huiita eafraya. Ni kama ndoo nene yenye droo. Ndani yake mna feni, nayo hupuliza hewa ya moto kuzunguka chakula, kwa hiyo mafuta yanayohitajika ni kidogo sana. Binti alikuwa na haraka. "Mama, unaweka, unabonyeza, inaiva," alisema, akaenda zake.

Mama aliipenda mashine ile. Akaishonea kifuniko cha kitambaa chenye maua na marinda chini. Alipopika alikipandisha mbele tu ili droo ifunguke. Nyuma alikiacha.

Jumamosi ya kwanza alinunua steki, akaiweka dakika ishirini na tano. Ikatoka ngumu.

"Haijaiva," alisema. Jumamosi ya pili akaipa dakika arobaini. Ikatoka ngumu zaidi. Ya tatu akaipa saa nzima, na katikati mashine ikajizima yenyewe kwa joto, akaiwasha tena.

Mume alikata kipande, akakitia mdomoni, akatafuna. Akatafuna.

"Mke wangu," alisema mwishowe, "nimefungua kufuli za kila aina. Hii imenishinda."

"Tafuna taratibu, baba watoto."

"Natafuna tangu saa saba. Nina meno ishirini na sita, nilitaka nizeeke nayo." Akasukuma sahani. "Ngoja ninyooshe miguu kidogo."

Akatoka. Alirudi baada ya saa moja, ameshiba.

Jumatatu mama alikuwa anafua. Ndani ya mfuko wa shati la mumewe akakuta karatasi iliyolowa mafuta, yenye harufu ya nyama ya karai, ile inayokaangwa barabarani kwa mafuta mengi. Akapekua shati la pili. Nalo lina karatasi.

Alikaa kwenye kigoda, mikono ina povu. Mume akishindwa kula nyumbani, atakula njiani, na njiani kuna karai. Akasikia tena zile funguo zikiporomoka ngazini. Akajifuta mikono, akaenda moja kwa moja buchani.

Mwenye bucha anaitwa Kisu. Jina lake la kweli wengi hawalijui. Amefanya kazi hiyo tangu ujana, na ni rafiki wa fundi kufuli.

"Shemeji, karibu! Nikukatie nini?"

"Unikatie nini tena! Wiki tatu unaniuzia ng'ombe aliyestaafu!"

Wateja wakageuka. Mzee mmoja akacheka. Kisu akaweka chini panga lake.

"Shemeji, hilo tusi silipokei. Steki niliyokupa ni sarara, nyama ya mgongoni. Hakuna laini kuliko hiyo kwa ng'ombe mzima."

"Laini! Mume wangu anaikimbia. Anakwenda kula ya karai, na wewe unajua alivyolazwa."

Kisu alijua. Siku ya hospitali alikuwa mmoja wa waliombeba.

"Saa kumi na moja nafunga," alisema. "Nakuja na kipande kilekile. Usipike mpaka nifike. Kama ni nyama, narudisha hela yako yote mbele ya hawa. Kama ni jiko, utaniomba radhi mbele ya hawa hawa."

"Njoo," alisema mshonaji.

Kisu alikuja na kipande cha unene wa kidole gumba. Akakiweka kwenye ubao, akavuta kigoda.

"Fanya kama siku zote. Mimi sipo."

Mama akachukua nyama, akafungua bomba.

"Ngoja," alisema Kisu.

"Si umesema haupo?"

"Sasa nipo. Usiioshe. Maji yanarusha vijidudu kwenye sinki na vyombo. Kinachoviua ni moto, si bomba. Tena nyama ikilowa, hewa ya moto inahangaika kwanza na maji. Inakuwa kama unachemsha. Ikaushe kwa karatasi ya jikoni, kisha karatasi uitupe."

Mama akaikausha. Kisu akamwambia aipake kijiko kidogo cha mafuta, pilipili manga, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Mama akanyoosha mkono kwenye mashine.

"Na hili gauni?" aliuliza Kisu.

"Kuzuia vumbi."

"Vumbi litazuiwa ikishapoa. Mgongoni ndiko inakopumulia. Wewe umeivalisha sweta halafu ukaiwashia moto. Ndiyo maana inazima. Siku moja kitambaa kitashika moto. Ivue, isogeze mbali na ukuta. Na ichomeke peke yake ukutani, si kwenye waya mmoja na pasi."

Mama akaivua.

"Haya. Utaipa dakika ngapi?"

"Leo? Saa moja na robo."

Kisu akashika kichwa. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa ngumu! Nyama ngumu huongezwa moto. Mama yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake."

"Walikufundisha kwa sufuria. Walikuwa wakipika nyama ipi?"

"Shingo. Miguu. Kifua."

"Hawakukosea. Shingo na miguu vimefanya kazi maisha yote. Vina mishipa. Vinataka maji na muda mrefu, ndipo vinalainika. Hii ya mgongoni haikufanya kazi yoyote. Ni laini tangu ilipotoka kwa ng'ombe. Na humu hamna mchuzi. Hewa ya moto inakausha tu. Kila dakika uliyoongeza, uliizidishia ugumu."

Mama akaibonyeza ile nyama kwa kidole.

"Kumbe ilikuwa laini. Mimi ndiye nimekuwa nikiiharibu, na kila nikiona imeharibika nazidisha."

"Basi leo hatuzidishi."

Wakaipasha mashine dakika tano ikiwa tupu, kwenye nyuzi joto mia mbili. Kisu akaweka nyama katikati ya droo.

"Zikiwa mbili, zisigusane. Usizirundike kama viazi. Hewa ikikosa njia, huku kutaungua na kule kutabaki kubichi."

Dakika sita, mama akaigeuza kwa koleo. Dakika sita nyingine. Wakati inaiva, akaosha ubao na kisu kwa sabuni. Kisha Kisu akatoa kipimajoto chembamba, akakichomeka katikati ya nyama. Kikasoma sabini.

"Kwa mgonjwa wetu, sabini inatosha. Haina ubichi na haijakauka. Mashine hazifanani, na nyama nyembamba inataka dakika chache kuliko hizo. Kwa hiyo anza kupima mapema."

Mama akainua kisu.

"Weka chini! Iache dakika tano kwenye sahani. Ukikata sasa hivi, maji yake yote yanamwagika."

Wakangoja. Kisu akamwonyesha juu ya nyama.

"Unaona mistari hii? Ni nyuzi. Ukikata kuzifuata, mlaji anatafuna nyuzi ndefu. Kata kwa kuzikatiza, ziwe fupi."

"Hapo niachie," alisema mama. "Mambo ya nyuzi hunifundishi."

Akakata vipande vyembamba. Makali ya kisu yakapita bila kusukumwa.

Mume aliingia saa kumi na mbili na nusu, akamkuta rafiki yake jikoni.

"Kuna msiba?"

"Kaa ule," alisema mkewe. Akamwekea nyama, mboga za majani na viazi vya kuchemsha.

Fundi alikata kipande kidogo sana, kama mtu anayepima maji ya bahari kwa kidole. Akatafuna mara tatu, akameza. Akamtazama mkewe. Akachukua kingine kikubwa. Hakuweka uma chini mpaka sahani ilipobaki nyeupe.

"Imebaki?"

"Haikubaki. Daktari alisema kiganja." Mama akaketi mbele yake. "Baba watoto, zile karatasi nimeziona."

Fundi akaangalia meza. Kisu akajifanya anasoma maandishi kwenye pakiti ya chumvi.

"Njaa ilinishinda," alisema fundi.

"Ukiona chakula changu kibaya, niambie. Nikasirike, nife kwa hasira, lakini niambie. Usiende kwenye karai. Mimi nilisikia ule mkoba ukianguka. Wewe hukuusikia."

Fundi akasogeza sahani pembeni. Kisha akasema, "Sitakwenda tena."

Kesho yake mama alikwenda buchani wateja wakiwa wamejaa, akasema kwa sauti: "Nyama ya Kisu ni nzuri. Aliyekosea ni mimi." Kisu akasema yamekwisha, akamuuliza wa nyuma yake anataka kilo ngapi.

Miezi mitatu ikapita. Fundi alikula steki mara moja kwa wiki, siku nyingine samaki, maharage na mboga. Dawa hakuruka. Kliniki, alikokwenda na mkewe, walimpima wakakuta presha imeshuka na mafuta kwenye damu yamepungua. Aliambiwa aendelee na dawa zilezile.

Muuguzi aliyeandika majibu aliuliza, "Mzee, umeacha nyama?"

"Sijaacha. Nimeacha mafuta. Mke wangu anaipika kwa mashine ya hewa."

"Hata mimi ninayo," alisema muuguzi. "Lakini steki yangu inatoka ngumu mno. Naipa nusu saa."

"Na ikitoka ngumu unafanyaje?" aliuliza mama.

"Naongeza dakika."

Mume na mke wakatazamana. Mama akauweka mkoba wake sakafuni, akavuta kiti karibu na meza ya muuguzi.