Dokta Aziza na Tumbo la Baba Mkwe

Asubuhi nyumbani kwa Papa Burhani huanza kwa sala, kisha chai, kisha hotuba. Sala ni fupi. Chai ni tamu. Hotuba haina mwisho.

Papa Burhani alizaliwa Buyenzi, mjini Bujumbura. Sasa anaishi Brussels, mtaa wa Matonge, karibu na maduka ya Galerie d'Ixelles, gorofa ya juu kabisa, katika jengo lisilo na lifti. Anaishi na mwanawe, Djibril, na mke wa Djibril, Aziza.

Aziza alikuwa amemaliza masomo na kupata kazi katika nyumba ya wazee kule Auderghem. Kazi yake kwa Kifaransa inaitwa aide-soignante, yaani msaidizi wa wauguzi. Huwaosha wagonjwa, huwalisha, huwageuza kitandani. Hupima presha. Akiona jambo limebadilika, humwambia muuguzi.

Kazini alipewa bluzi nyeupe. Matatizo yote ya hadithi hii yalitokana na bluzi hiyo.

Kwa Papa Burhani, kila aliyevaa bluzi nyeupe ni dokta. Muuza dawa ni dokta. Anayesafisha meno ni dokta. Kwa kipimo hicho, hata muuza nyama wa pale kona ni daktari bingwa, tena wa upasuaji.

Siku Aziza alipoanika bluzi yake kwa mara ya kwanza, Papa Burhani alishuka ngazi zote bila kupumzika. Aliingia Galerie, katika saluni ya Maman Yolande, Mkongo anayesuka nusu ya vichwa vya mtaa. Akatangaza kama anayesoma amri ya serikali:

"Kuanzia leo, nyumba yangu iko na dokta!"

"Eh, Papa Burhani, félicitations!" alisema Maman Yolande. "Na miye goti inaniuma."

Jioni Aziza alijaribu kusahihisha.

"Papa, mimi si dokta. Ni aide-soignante."

Papa Burhani alimgeukia mwanawe. "Umesikia, Djibril? Madokta wakubwa hawajisifu."

Tangu siku hiyo Aziza hakusuka nywele kwa amani. Akikaa kitini, watu wanamwonyesha ndimi zao. Mmoja alimvulia soksi. Mwanzoni alikasirika. Baadaye, ni lazima tuseme ukweli, alianza kuona kwamba jina "Dokta Aziza" lina utamu wake. Akaacha kulisahihisha. Hapo ndipo utamu ulipoanza kuharibika.

Ni Aziza aliyegundua kwamba Papa Burhani ana kiu isiyo ya kawaida. Alikunywa maji kama ngamia anayejiandaa kwa safari. Usiku alikwenda chooni mara kwa mara. Tena alikuwa anakonda, ingawa sambusa hazikubaki sahanini.

"Papa, nenda kwa daktari," alimwambia.

"Daktari si wewe?"

"Papa, nenda."

Djibril alimpeleka hospitalini kule Woluwe-Saint-Lambert. Daktari alisema ni kisukari. Sukari ilikuwa juu sana. Vidonge peke yake havingetosha. Papa Burhani alihitaji sindano ya insulini kila asubuhi. Muuguzi angekuja nyumbani kumdunga, kuanzia Jumamosi.

Siku ya Ijumaa muuguzi alipiga simu. Papa Burhani alimjibu kwa adabu kubwa.

"Asante sana, madame. Usijisumbue na ngazi. Sisi tuko na dokta wetu wa nyumbani."

Akakata simu. Kisha akapiga simu nyingine nyingi. Hakuwa anaomba ushauri. Alikuwa anaalika wageni.

Jumamosi asubuhi Aziza alitoka chumbani na kukuta sebule imejaa. Maman Yolande alikuwa pale na goti lake. Tonton Kabeya, fundi viatu wa Galerie, alikuwa pale na hamu yake ya kula. Djibril alikuwa anamimina chai. Papa Burhani alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia ya Idi. Mezani, kando ya sambusa, kulikuwa na sahani ya wageni. Juu ya sahani kulikuwa na kitambaa cha maua. Chini ya kitambaa kulikuwa na kalamu ya insulini, sindano yenye umbo la kalamu, imelala kama bwana harusi.

"Karibu, Dokta," alisema Papa Burhani, akakunja mkono wa kanzu hadi begani. "Tunakungojea weye tu. Bismillah."

Aziza alirudi nyuma hatua moja.

"Papa, siwezi. Sina ruhusa ya kudunga insulini."

"Ruhusa natoa mimi. Hii nyumba ni ya nani?"

"Docteur, umuongezee kidogo," alisema Tonton Kabeya, akitafuna. "Papa amekula sambusa mingi."

"Kweli," alisema Papa Burhani. "Na chai niliweka sukari ya kutosha. Alors, weka dozi mara mbili."

Aziza aliitazama kalamu. Hakuwahi kufundishwa kuitumia. Akikosea, baba mkwe wake angeweza kuanguka pale pale, mbele ya sambusa. Naye angepoteza kazi aliyoisomea kwa jasho. Lakini akikataa mbele ya wageni, angemwaibisha mzee ndani ya nyumba yake. Mkwe wa kike hafanyi hivyo.

"Basi ninawe mikono kwanza," alisema.

Kunawa mikono ni jambo ambalo hakuna baba mkwe anayeweza kulikataza. Aziza aliingia jikoni, akafunga mlango, akafungua bomba mpaka mwisho. Kisha akachukua karatasi ya hospitali yenye namba, akapiga simu kwa muuguzi yule aliyekataliwa jana.

Alinawa sana. Wageni walisikiliza maji.

"Anakawia," alinong'ona Maman Yolande.

"Madokta wakubwa wananawa hivyo," alieleza Papa Burhani. "Wadogo ndio wanaharakisha."

Wakati wa kunawa, kengele ililia. Djibril akafungua. Mwanamke mnene mwenye begi begani aliingia, akashika ukuta, akapumua.

"Hamjambo nyote. Mimi ni Wambui, muuguzi. Nilikuwa na mgonjwa mtaa huu huu. Jameni, hizi ngazi! Nani alijenga hii nyumba, mbuzi?"

"Nani amekuita?" aliuliza Papa Burhani.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Aziza alisimama pale, mikono ikidondoka maji.

"Ni mimi, Papa. Nisamehe. Kosa ni langu pia. Mliniita dokta, nikanyamaza, kwa sababu lilikuwa jina zuri. Mimi si dokta. Wala si muuguzi."

Hata Tonton Kabeya aliacha kutafuna, jambo ambalo halikuwahi kuonekana Matonge.

"Mukwe wangu," alisema Papa Burhani polepole, "wewe uko na bluzi."

"Mzee," alisema Wambui, akikaa bila kuambiwa, "bluzi ni nguo tu. Kazi yetu haipimwi kwa nguo. Sheria ya hapa Ubelgiji inasema kila mmoja afanye nini. Daktari anatambua ugonjwa na kuandika dawa. Mimi muuguzi, daktari akiandika, nadunga. Aziza, tukimkabidhi sisi wauguzi, anaweza kupima presha, au kumpa mgonjwa dawa ya kumeza tuliyoitayarisha sisi au muuza dawa. Lakini hachagui dawa. Na sindano ya insulini haimo katika kazi yake."

"Lakini nimempa ruhusa!"

"Nyumba ni yako, mzee. Sindano ni ya sheria."

"Sindano ndogo vile?"

"Ndogo, lakini dozi ikizidi, sukari inashuka ghafla. Unatokwa na jasho, unatetemeka, unaanza kusema ovyo, unazimia."

"Ovyo anasemaga kila siku," alisema Tonton Kabeya. "Tutajuaje?"

"Nyamaza, Kabeya!" alisema Maman Yolande. Alimgeukia mwenye nyumba. "Papa Burhani, Maman Wambui anasema kweli. Pale saluni niko na mufanyakazi wa kuosha vichwa. Anaosha muzuri, watu wanasinzia. Lakini siku moja alijaribu dawa ya kulainisha nywele. Bon. Ule muteja alirudia kwake na nywele yake ndani ya sachet ya plastiki."

Papa Burhani aligusa kofia yake, kana kwamba anahakikisha kilichomo.

"Na mnaulizana Aziza ana kazi gani?" alisema Wambui. "Nani aliona kiu yako? Nani alikusukuma uende hospitali? Kuona mapema na kusema mapema, hiyo ndiyo kazi yake. Bila yeye, pengine leo ungekuwa umelazwa."

Papa Burhani alikohoa. Alikuwa anatafuta njia ya kushindwa bila kushindwa.

"Hakuna njia hata moja? Yeye ni familia."

"Kuna mlango mmoja mdogo," alikubali Wambui. "Mtu wa familia anaweza kufundishwa na daktari au muuguzi, apewe idhini kwa mgonjwa huyo mmoja tu, nyumbani, bila kuifanya kuwa kazi."

"Si nilisema!" Mzee aliinuka. "Mufundishe Aziza!"

"Sawa. Basi fungua kanzu."

"Kanzu? Mukono si huu hapa?"

"Hii tunapenda kuidunga tumboni."

"Tumbo?"

"Tumbo."

"La nani?"

"Lako, mzee."

Maman Yolande alijiziba mdomo. Aziza alikuwa tayari amegeukia ukuta. Mkwe wa kike aone tumbo la baba mkwe wake! Habari hiyo ingefika Buyenzi kabla ya saa ya chakula.

"Hakuna mahali pengine?" aliuliza Papa Burhani kwa sauti ndogo.

"Paja pia linafaa."

"Astaghfirullah! Paja ni mbaya zaidi!"

"Basi tumfundishe Djibril," alisema Wambui.

Wote walimtazama Djibril. Djibril huhamisha vyombo vya watu. Hubeba friji mgongoni hadi gorofa za juu, huku akiimba. Wambui alitoa kalamu kwenye sahani na kufunua sindano. Djibril aliitazama. Kisha akalala polepole juu ya mapaja ya Tonton Kabeya.

"Basi amekwenda," alisema Tonton Kabeya, akiinua sahani ya sambusa ili isimwagike.

Djibril alipopewa maji na kurudi duniani, Wambui alisema:

"Mzee, kuna mtu mmoja hujamfikiria. Analijua tumbo lako tangu zamani. Wala halionei aibu."

"Nani huyo?"

"Wewe mwenyewe."

Siku hiyo Wambui ndiye aliyempima sukari na kumdunga, chumbani, mlango umefungwa. Papa Burhani alikuwa ameuliza kama heshima inaruhusu. Wambui alijibu kwamba yeye si mkwe wake, na kwa muuguzi tumbo ni tumbo.

Daktari alikubali mzee afundishwe. Kwa hiyo Wambui alipanda ngazi kila asubuhi, akiwalaani mbuzi waliojenga. Papa Burhani alijifunza kupima sukari kabla. Alijifunza kubadilisha sehemu ya kudunga, ngozi isiwe ngumu. Alijifunza kuitupa sindano katika chombo chake maalumu. Alijifunza kwamba akianza kutetemeka na kutoka jasho, apime, na anywe juisi tamu mara moja. La mwisho lilikuwa gumu zaidi: dozi hubadilishwa na daktari, haibadilishwi na sambusa.

Mara ya kwanza alipojidunga alifumba macho, akasoma dua ndefu, kisha akauliza, "Alors, tunaanza?"

"Umeshamaliza, mzee," alisema Wambui.

Majira yalibadilika. Kiu ilipungua. Papa Burhani alirudisha mwili, na chai yake sasa haina sukari, ingawa hotuba zake bado hazina mwisho. Akiingia saluni na Aziza, humtambulisha kwa utaratibu:

"Huyu ni mukwe wangu. Ni aide-soignante." Hulitamka jina hilo polepole, silabi kwa silabi. Amegundua kwamba ni refu kuliko "dokta", kwa hiyo lazima ni kubwa zaidi. Na mtu akimwonyesha Aziza ulimi, Aziza hucheka na kumwambia, "Ufunge. Nenda kwa daktari wako."

Juzi Tonton Kabeya aliingia saluni, akamkuta mzee amekaa kama waziri. Kabeya naye alikuwa ameambiwa na daktari kwamba ana kisukari. Akainama karibu na sikio la Papa Burhani.

"Docteur Burhani, weye unajua kupiga sindano. Unipigie na miye moja. Hapa nyuma, haraka, bila Maman Wambui kujua."

Maman Yolande alisimamisha kitana hewani. Papa Burhani aliinuka, akanyoosha shati lake, akaweka kidole kwenye kifungo cha chini kabisa, pale tumbo lake linapokwisha.

"Kabeya," alisema, "kila mutu na ruhusa yake. Yangu inaishia hapa."