Moshi Ndani ya Hema

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mwanakuu alifagia baraza ya nyumba yao pale Kibokoni, katika Mji wa Kale, kisha akamvisha viatu mdogo wake, Athmani. Athmani alikuwa na miaka minne, na alisumbuliwa na pumu. Kwa sababu yake, Mama alikataza kufukiza udi nyumbani. Bibi, aliyezoea kufukiza shuka tangu usichana wake, aliufunga udi wake kwenye kitambaa akautia sandukuni.

"Pua yangu itavumilia," alisema. "Kifua cha mtoto hakivumilii."

Likizo ya Desemba ilipofika, Mbodze, rafiki yake Mwanakuu, aliwaalika yeye, Athmani, Mama na Bibi wapige kambi kwao Tudor. Baba yake, dereva wa tuktuk, alikuwa na kiwanja kando ya maji, na aliwasimamishia hema la kuazima. Lilinuka uvundo.

"Linanuka kama soksi za kaka yangu!" Mbodze alicheka. "Nyinyi watu wa Mji wa Kale mtalala humu kweli?"

"Ngoja," Mwanakuu alijibu kwa maringo. "Utaona kwetu mgeni anavyotandikiwa."

Mfukoni alikuwa na kipande cha udi alichokichomoa sandukuni kwa Bibi. Mbodze alipokwenda na baba yake kuchota maji, Mwanakuu alichukua kaa la moto jikoni, akaliweka kwenye kifuniko cha sufuria, akatia udi juu yake. Aliingiza kifuniko ndani ya hema na kufunga zipu ili harufu ishike vizuri. Alisahau kwamba nyumba yao ina dari ya juu na madirisha mapana. Hema halina.

Aliporudi kufungua, alimkuta Athmani ndani. Alikuwa ametambaa chini ya ukingo wa hema kufuata mpira wake. Machozi yalimtoka.

"Usimwambie Mama," Mwanakuu alimnong'oneza, akamtoa nje na kulifukia kaa mchangani.

Wakati wa chakula cha mchana, Mama alinusa huku na huku. "Mbona nasikia harufu ya udi?"

"Ni leso ya Bibi, Mama," Mwanakuu alisema upesi.

Bibi aliinusa leso yake. "Labda," alisema. "Ililala sandukuni."

Wakakaa mkekani kula wali na samaki wa kuchoma. Moshi wa jiko ukamwingia Bibi machoni, akayafuta huku akitabasamu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Huingia bila hodi, hashikiki, wala hafungiki kwa kamba."

"Mwizi!" alisema Mbodze.

"Mwizi wa wapi huyo asiyeshikika? Hapa Tudor mtamshika nyinyi wenyewe!"

"Upepo!" Mbodze alijaribu tena.

"Upepo ni jirani yake tu."

Mwanakuu alilijua jibu. Hakuthubutu kulitamka.

Ghafla Athmani aliangusha tonge. Alikohoa, akajishika shingo.

"Mwiba!" Mama alipiga kelele. "Amekwamwa na mwiba wa samaki!"

Bibi alifinyanga tonge la wali mtupu. "Meza, baba, usitafune. Litaushusha." Athmani alilitema. Baba Mbodze alimwinamisha akampiga mgongoni. Hakuna kilichotoka. Mama alimpanua kinywa, akachungulia.

"Sioni kitu! Ya Rabi, nifanye nini? Sioni kitu!"

Kifua cha mtoto kilipiga mluzi. Mkoba wenye pampu yake ya pumu ulikuwa pale pale mkekani, na hakuna aliyeukumbuka. Wote walikuwa wakitafuta mwiba.

Mwanakuu alisimama kama gogo. Akisema, Mama atajua habari ya udi, atajua na uongo wa leso. Athmani alimtazama. Yeye alikuwa amekatazwa kusema, na sasa hata angetaka, pumzi hana.

"Moshi!" Mwanakuu alilia.

"Mwanangu, huu si wakati wa vitendawili!" Baba Mbodze alimkemea.

"Si kitendawili! Nilifukiza udi hemani, na Athmani alikuwa ndani! Si mwiba, Mama, ni pumu!"

Mama aliurukia mkoba. Alimketisha Athmani wima, akampulizia dawa kinywani, akangoja, akampulizia tena. Polepole mluzi ulipungua. Baba Mbodze akawasha tuktuk, wakamkimbiza hospitali.

Walirudi kabla ya magharibi, Athmani amelala begani kwa Mama. Daktari alisema dawa ile ya kwanza ndiyo iliyomwokoa. Mwanakuu alikuwa ameketi nje ya hema, macho yamevimba kwa kulia.

"Nisamehe, Mama."

Mama aliketi karibu naye. Athmani aliinua kichwa na kusema kwa sauti iliyokauka, "Bibi, jibu nililijua. Nilikatazwa kusema."

Mwanakuu alijifunika uso.

Bibi alimshika mkono. "Udi wangu nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini nisikilize. Dawa ilikuwa miguuni petu, nasi tulikuwa watu wazima watatu tunahangaika na mwiba usiokuwepo. Ulitufumba macho sote kwa uongo mdogo wa leso. Ukikosea, sema mapema, hata kama utagombezwa. Kugombezwa kunapita. Pumzi ya mtu ikienda, hairudi."

Kisha akanyanyuka, akafungua zipu ya hema hadi mwisho, upepo uingie.