Jicho la Kushoto la Koplo

Mchana wa jua kali, duka la vifaa vya umeme limefurika watu, Koplo akapita na bega lake la kushoto na kuisomba meza nzima ya miwani ya jua. Miwani chwaa! Ikatapakaa sakafuni.

"Kaka, meza yote hiyo hukuiona?" aliuliza dada mmoja mwenye gauni la njano, mkononi kashika mfuko wa betri.

"Ningeionaje, nami namwangalia mwenye gauni?"

"Makubwa! Okota kwanza, utongoze baadaye."

Wakaokota pamoja huku muuzaji akiwatukana wote wawili. Kumbe mwajiri wao mmoja: yeye koplo wa askari wa miguu, dada fundi wa lenzi kwenye karakana ya jeshi ya kupimia vifaa. Walipotoka dukani kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu, maana kambi haina huruma na wapendanao. "Umevaa nini?" "Ovaroli yenye grisi." "Uuwi, usiniue!" Fundi alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Ila neno moja alilingoja na halikuja. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, Koplo hajataja ndoa hata kwa utani. Shangazi, aliyemlea Fundi tangu akiwa mdogo, naye hakumpa nafasi ya kupumua. "Huyo askari wako anangoja nini, uote mvi?" Fundi alijichekesha tu, lakini roho ilimuuma kwelikweli.

Ndipo jeshi likataka kuchagua miwani ya kuonea gizani. Kulikuwa na miundo miwili. Wa kwanza ulifunika jicho moja tu: mwepesi, hauchoshi shingo, na jicho la pili linabaki huru. Wa pili ulifunika macho yote mawili: mzito kama adhabu, lakini askari akiuvaa anajua shimo liko umbali gani na lina kina gani. Fundi alipewa kazi ya kuilinganisha. Akaziba madirisha ya ukumbi kwa vitambaa vyeusi, akapanga ngazi, mitaro na mbao, na asubuhi kweupe humo ndani likawa giza totoro.

Askari waliingia mmoja mmoja. Wakiwa na miwani ya jicho moja, karibu wote walijikwaa mtaroni. Wakiwa na ya macho mawili, waliruka vizuri. Koplo peke yake hakuonyesha tofauti yoyote: alijikwaa kwa zote mbili. Fundi akaona ajabu, akamhamishia ile ya jicho moja kutoka kulia kwenda kushoto.

"Fundi, hii haijawaka," alisema Koplo.

Fundi aliichukua, akaiweka jichoni mwake. Ukumbi wote ukaonekana kijani, hadi vichwa vya misumari kwenye mbao. Akamrudishia kwenye jicho lilelile.

"Na sasa?"

"Nimekwambia imekufa."

Fundi akasogea karibu, akanong'ona. "Tangu lini?"

Koplo alishusha pumzi. "Kabla sijakujua. Baruti ya mazoezi ilinilipukia karibu."

"Na daktari akikupima?"

"Nimekariri herufi zake zote."

"Kwa hiyo siku ile dukani..."

"Meza sikuiona, kweli. Wewe nilikuona."

Fundi alitaka kucheka, akashindwa. "Wiki ijayo unaongoza kikosi mlimani. Wenzako watakufuata gizani, wanakuamini wewe."

"Andika kifaa kibovu, kipenzi. Nakuomba. Kazi nyingine mimi siijui."

"Siwezi."

Koplo akamshika mkono. "Nataka kukuoa. Mwezi huu huu."

Lo! Neno alilolingoja muda wote ule akalipata gizani, na mkono wa mwanamume ukiwa umeizuia kalamu yake.

"Unaninunua?"

"Nini?"

"Miaka yote hii umelifungia mdomoni. Leo nimekushika, ndiyo unalitoa?"

"Sivyo, nisikilize kwanza—"

"Toka nje."

Alitoka. Fundi akaandika alichokiona, akampelekea Meja, mkuu wa karakana. Kabla ya jua kuzama Koplo alikuwa ameondolewa kikosini, yuko njiani kwenda hospitali ya jeshi.

Jioni simu ikaita. Ni shangazi, anapiga vigelegele.

"Hongera, mwanangu!"

"Ya nini, shangazi?"

"Haya, jifanye hujui! Mwenzio si alikuja Jumapili? Kavaa suti imembana mabega, jasho linamtoka, kaposa kiume. Nikamkubalia. Akaniomba ninyamaze, atakwambia mwenyewe leo. Mbona kimya? Unalia kwa furaha?"

Fundi alikata simu bila kuaga. Akampigia Koplo. Ikaita mpaka akakata tamaa, ndipo ikapokelewa.

"Shangazi ameniambia," alisema Fundi. "Nisamehe, mpenzi wangu."

"Kunisema kwa Meja hukukosea. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Hilo nimeshalimeza."

"Basi rudi. Hata kama huna kazi. Hata kama huna macho yote mawili."

"Nilichelewa kuposa kwa ajili ya jicho hili, unajua? Nilikuwa najiuliza kama utanitaka. Nikajipa moyo, nikavaa suti. Halafu ukaniuliza kama nakununua."

"Nilikuwa na hasira!"

"Hapana. Uliuliza kwa sababu ulidhani naweza. Kila nitakapokwambia nakupenda, utajiuliza nataka nini."

"Sitauliza. Naapa."

"Utauliza kimoyomoyo, nami nitakusikia. Nikitoka hospitali naenda kwa mama yangu. Usinifuate, tafadhali. Nilikupenda sana."

Simu ikakatika. Fundi akapiga tena na tena, usiku huo na kesho yake. Haikupatikana.

Jeshi lilichagua miwani ya macho mawili, na Meja akampa Fundi mkono mbele ya watu. Alisema asante. Kule nyumbani shangazi alikuwa ameshawatangazia majirani, ikabidi azunguke mlango kwa mlango kuwaambia posa imevunjika. Kila alipoulizwa kisa, alijibu hajui. Fundi alikijua, na hakuthubutu kumwambia.